Kabla ya Kusambaza Ule Ujumbe wa Blue Band

Najua wengine mnasoma haya mkiwa ndani ya matatu ya kutoka Lanet, wengine mko dukani mnangoja mteja, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Mimi umenifikia kutoka grupu la kina mama, grupu la vijana, grupu la maombi ya alfajiri, na tena kutoka kwa mzee mmoja wa kanisa aliyeongeza juu yake, "Mchungaji, watu wanaangamia." Unasema majarini imebakiza molekuli moja tu iwe plastiki. Unasema iligunduliwa kwa ajili ya kunenepesha bata mzinga, bata wakafa, ndipo wenye viwanda wakaitia rangi ya manjano wakatuletea sisi. Unasema ukiiacha nje nzi hatui wala ukungu hauoti. Na chini kabisa, baada ya mstari wa Biblia, kuna nambari ya simu ya mtu anayeuza unga wa kusafisha mishipa ya moyo, mkebe mmoja shilingi 4,500.

Nimekaa na ujumbe huo wiki nzima. Una uongo mwingi, na hilo ningeweza kulimaliza kwa sentensi mbili. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba uongo huo umefunika mambo ya kweli ambayo ulistahili kuambiwa juu ya kile unachowapakia watoto kwenye mkate kila asubuhi. Kwa hivyo leo vumilia, nitaandika kirefu.

Tuanze na uongo. Hiyo habari ya molekuli moja ni ya zamani, ilizunguka kwa Kiingereza tangu enzi za barua pepe, na haikuwa kweli hata wakati huo. Majarini ni mafuta ya mimea, maji, chumvi na vitu vichache vingine nitakavyovitaja. Hata kama vitu viwili vingekaribiana sana kikemia, hiyo haivifanyi kuwa kitu kimoja. Maji unayokunywa ni haidrojeni mbili na oksijeni moja. Ongeza oksijeni moja tu upate haidrojeni peroksaidi, ile dada zetu wa saluni hutumia kuondoa rangi ya nywele. Hakuna anayekataa maji kwa sababu yanakaribiana na dawa ya saluni.

Na ukungu? Ukungu unataka maji na chakula cha kujijenga. Mafuta matupu hayana. Samli ya nyanya yako ilikaa kwenye kibuyu miezi kadhaa bila kuoza, na hakuna mtu kijijini aliyeiita plastiki.

Bata mzinga hawakuwepo kabisa kwenye hadithi hii. Mwaka 1869 mkemia Mfaransa, Hippolyte Mège-Mouriès, alitengeneza kitu cha kuchukua mahali pa siagi kwa sababu Kaizari Napoleon wa Tatu alitaka kitu cha bei nafuu kwa wanajeshi na maskini. Alitumia mafuta ya ng'ombe, akayapiga pamoja na maziwa. Ndiyo, majarini ya kwanza ilitoka kwa ng'ombe! Mafuta ya mimea yalikuja baadaye. Hata vita vya rangi vilikuwepo: huko New Hampshire, Marekani, mwaka 1891 walipitisha sheria kwamba majarini iwe ya rangi ya waridi ili mtu asidanganywe kuwa ni siagi, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaifuta mwaka 1898. Wafugaji wa maziwa walipigania soko lao. Naelewa, na sisi huku ni watu wa maziwa.

Sasa, mpendwa, fungua Kutoka 23, mstari wa kwanza kabisa. Mungu anakataza kueneza habari isiyo ya kweli. Hakuweka kando habari za vyakula. Hakusema ni sawa ikiwa nia yako ilikuwa kuokoa watu. Ukibonyeza kile kimshale cha kusambaza, wewe ni shahidi.

Lakini usishangilie mapema, wewe uliyekuwa unasema "Mchungaji atatutetea tuendelee kupaka." Bado sijafika.

Iko dhambi moja ya kweli katika historia ya majarini, na ni kubwa. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani, Wilhelm Normann, alipata hati miliki ya njia ya kugandisha mafuta ya maji kwa kuyapitishia haidrojeni. Viwanda vilifurahi. Mafuta ya bei ya chini yakawa magumu kama siagi na yakakaa muda mrefu bila kuchacha. Ila ukiyagandisha nusu, yanazaliwa mafuta ya aina nyingine, yanaitwa mafuta ya transi. Kwa miongo mingi watu waliambiwa hayo ndiyo mafuta salama, waache siagi kwa ajili ya moyo wao. Halafu mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi wakaonyesha kwamba mafuta ya transi yanapandisha kolesteroli mbaya na wakati huohuo yanashusha ile nzuri. Miaka mitatu baadaye utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani ukayahusisha na ugonjwa wa moyo. Denmark ikaweka sheria ya kuyabana mwaka 2003. Marekani ikatangaza mwaka 2015 kwamba mafuta yaliyogandishwa nusu hayawezi tena kuhesabiwa kuwa salama katika chakula. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaziomba nchi zote ziyaondoe kabisa kufikia 2023, likisema yanachangia vifo takriban 500,000 vya ugonjwa wa moyo kila mwaka duniani.

Soma tena hiyo nambari. Mama yako alipokuwa na shaka na mafuta ya mkebe, hakuwa mjinga. Alikosa tu jina la kile alichokishuku.

Je, majarini iliyo jikoni kwako leo inayo hayo mafuta? Majarini nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa mafuta ya mawese, na Kenya huyaagiza kutoka Malaysia na Indonesia. Mawese hujigandia yenyewe nusu bila kulazimishwa na haidrojeni, kwa hivyo kampuni nyingi ziliweza kuacha ile njia ya zamani. Lakini mimi sitakuapia kwa ajili ya kila kopo na kila pakiti. Geuza pakiti. Tafuta maneno ya Kiingereza "partially hydrogenated". Ukiyaona, irudishe kwenye rafu. Angalia pia sehemu ya virutubisho kama mafuta ya transi yametajwa na ni kiasi gani. Na kama ni ile ya kupimiwa dukani kwa kijiko kutoka kwenye ndoo isiyo na lebo, huna lebo ya kusoma. Hiyo peke yake ni sababu ya kuuliza mwenye duka akuonyeshe ndoo.

Usisahau kwamba mawese nayo yana jambo lake. Karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, yale mazito yanayoganda, ambayo yakizidi hupandisha kolesteroli mbaya. Siagi ya ng'ombe ni vivyo hivyo, nayo nusu yake ni hayo hayo. Kwa hivyo wewe unayeacha majarini ukahamia siagi na kupaka unene wa kidole ukidhani umeokoka, hapana. Ndio, siagi iko kwenye Biblia. Ibrahimu aliwapa wageni siagi, Mwanzo 18. Yaeli alimpa Sisera siagi kwenye bakuli la heshima, Waamuzi 5, na unajua Sisera alivyoishia, ingawa sio kwa sababu ya siagi.

Nije kwenye zile herufi na nambari, kwa maana hapo ndipo watu wengi wanaogopa. Mnasoma E471, E322, E160a, E202, mnaona kama ni alama ya mnyama. Dada mmoja aliniuliza kwa uchungu wa kweli kama hizo nambari zina uhusiano na 666. Dada, hapana. E ni herufi ya Ulaya. Ni orodha tu, kama nambari za nyimbo kwenye kitabu cha tenzi, ili mtu wa Ureno na mtu wa Poland wajue wanazungumzia kitu kimoja.

E322 ni lesithini. Iko kwenye kiini cha yai, na ya viwandani mara nyingi hutoka kwenye soya. Kazi yake ni kuyashikanisha maji na mafuta yasiachane, kwa sababu majarini bila kiunganishi ingekuwa maji chini na mafuta juu. E160a ni karotini, rangi ileile ya karoti. E160b ni rangi ya mbegu za bixa, na bixa inalimwa hapa hapa Kenya, kule Kwale. Kuna siagi na jibini duniani zilizopakwa rangi na mkulima wa Pwani yetu. E330 ni asidi ya sitriki, ile inayofanya limau liwe chachu. E202 ni kihifadhi kinachozuia ukungu. Kwa hivyo kama majarini yako haioti ukungu, wametuambia sababu waziwazi kwenye pakiti, hakuna siri.

Halafu kuna kichekesho kidogo. Mafuta ya mawese yakikamuliwa ni mekundu kama damu ya nyanya. Ndugu zetu wa Kongo huyapikia hivyo hivyo na wekundu wake wote, na wekundu huo ni karotini. Kiwandani yanasafishwa, yanachemshwa kwenye joto linalopita nyuzi 200, yanatoka meupe hayana harufu. Kisha kiwanda kinanunua karotini kinairudisha ili yapendeze. Tunalipia kuondolewa na tunalipia kurudishiwa.

Joto hilo kali silo kichekesho tu. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba mafuta yanaposafishwa kwa joto kama hilo huzaa kemikali, na kwamba mawese ndiyo yaliyoonekana kuwa na nyingi zaidi. Moja kati yake ilitajwa kuwa inaweza kuleta saratani. Wenye viwanda wanajua namna ya kuipunguza, na Ulaya imewawekea viwango. Hilo ni jambo la haki la kuiuliza serikali yetu na shirika la viwango, KEBS: na sisi mnatupimia?

Ziko nambari nyingine mbili ninazopenda uzitazame mara mbili: E319 na E320. Hizi ni dawa za kuzuia mafuta yasichache. E320, jina lake BHA, iliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani kwa binadamu. Neno hapo ni "huenda". Ilionekana kwa panya, kwenye sehemu ya tumbo ambayo binadamu hana, na walilishwa kwa wingi. Sikutishi. Nasema tu kama kuna pakiti mbili za bei moja, moja inayo na nyingine haina, mimi nachukua isiyo nayo. Kuhusu E471, kiunganishi kilicho kwenye majarini nyingi, mikate mingi na aiskrimu, utafiti wa Ufaransa uliofuata watu zaidi ya 90,000 na kuchapishwa mwaka 2024 ulikuta wanaokila kwa wingi walipata saratani zaidi kidogo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba ndicho kilichosababisha, kwa sababu anayekula E471 nyingi mara nyingi ndiye anayekula vyakula vya pakiti kwa wingi, na hajui mboga ya majani ilivyo. Lakini unaonyesha upande wa kuangalia: siku nzima ikijaa vitu vya pakiti, tayari una tatizo, uwe umepaka majarini au la.

Sasa naomba ufungue 2 Wafalme 4, kuanzia mstari wa 38. Hapa ndipo nilipokaa zaidi wiki hii.

Kuna njaa Gilgali. Elisha anaambia mtumishi wake aweke sufuria kubwa, awapikie wana wa manabii. Kijana mmoja anaenda shambani kutafuta mboga, anakuta mtango wa mwituni, anajaza nguo yake, anarudi na kukatakata ndani ya sufuria. Maandiko yanasema hawakuyajua hayo matango. Wanapoanza kula, wanapiga kelele kwamba mna mauti humo sufuriani.

Tazama kwanza kwamba kulikuwa na njaa. Watu hawali kitu kibaya kwa sababu ni wapumbavu, wanakula kilichopo. Mama wa Kaptembwo mwenye watoto wanne na shilingi 100 asubuhi anajua anachofanya. Mkate na majarini unawashibisha wakaenda shule. Yule kijana naye hakuwa mchawi wala wakala wa shetani, alikuwa mtu mwenye nia njema na matango asiyoyajua. Ndivyo walivyo wengi wanaosambaza ule ujumbe.

Kisha tazama Elisha. Kanisani kwetu kuna makundi mawili juu ya chakula, na ninayapenda yote mawili, lakini hakuna lililo upande wa Elisha. Kundi moja lingesema, "Kuleni tu kwa imani, tumeombea, hata mkinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru," na wangetaja Marko 16. Elisha hakusema hivyo. Waliolia kwamba kuna mauti aliwasikiliza. Kundi lingine lingesema, "Mwageni sufuria, fungeni siku saba." Hakusema hivyo pia, kwa sababu njaa ilikuwa bado iko nje mlangoni. Alisema leteni unga. Akachukua chakula cha kawaida kilichokuwa ndani ya nyumba, akakitia, akasema wapakulieni watu wale.

Muujiza ulikuwa wa Mungu, sitaki mtu aseme nimefundisha kwamba unga unaondoa sumu. Lakini nabii alishughulika na kile kilicho sufuriani. Alikiangalia. Na watu walikula.

Paulo anapomwandikia Timotheo kwamba chakula hutakaswa kwa neno na kwa maombi, 1 Timotheo 4, alikuwa anawajibu watu waliokataza vyakula kana kwamba kuvila ni dhambi. Hakuwa anatoa kibali cha kufumba macho. Maombi ya chakula hayaondoi chumvi. Nimeomba juu ya sahani nyingi na chumvi imebaki palepale.

Na chumvi nimeitaja kwa makusudi. Ule utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na wengi hawajui. Hesabu viti vya kanisa letu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile usiyoiona. Ile usiyoiona iko kwenye mkate, iko kwenye majarini, iko kwenye kile kiungo cha kipande unachotia kwenye supu. Mtu anaogopa molekuli ya plastiki halafu anainyunyizia chipsi chumvi mpaka ziwe nyeupe.

Ndiyo maana ile nambari ya simu iliyo chini ya ujumbe imenikasirisha. Kuna mama wa kwetu, sitamtaja na ameniruhusu niseme, ambaye alipigia nambari ya namna hiyo. Aliambiwa mishipa yake imejaa plastiki. Alinunua mikebe mitatu kwa pesa za chama. Akaambiwa dawa za hospitali "zinapigana" na huo unga, akaziacha. Dawa za presha, ambazo alikuwa akizichukua kliniki kila mwezi bila shida. Wiki ya tano binti yake alimkuta jikoni mdomo umepinda upande mmoja. Anaendelea vizuri kwa neema ya Mungu, mkono wa kulia bado unarudi polepole. Alipoweza kuongea vizuri alinionyesha simu. Ujumbe uliomfikisha huko ulitoka grupu la kanisa.

Nisikilize vizuri. Hakuna mtu wa kanisa hili anayeacha dawa ya presha au ya sukari kwa sababu ya ujumbe, unabii, au muuzaji. Ukitaka kuacha, nenda kwa daktari aliyekuandikia, mwambie unataka kuacha, msikilize. Na wewe unayeuza hivyo vitu ndani ya magrupu yetu, kuanzia leo hapana. Nimewaambia wasimamizi wote wa magrupu. Riziki yako Mungu ataifungulia njia nyingine.

Kwa hivyo kesho asubuhi ufanye nini? Kwanza, usimdharau anayepaka majarini. Tangu 2012 sheria yetu inataka mafuta ya kupikia ya mimea yaongezwe vitamini A, na kwa mtoto asiyeona maziwa wala mayai, hiyo si kitu kidogo. Ukipaka, paka kidogo. Ionekane rangi ya mkate. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua ile laini ya kopo kuliko ile ngumu, na soma pakiti kama nilivyosema.

Halafu jiulize sisi watu wa Bonde la Ufa tulifikaje hapa. Hii ndiyo nchi ya maziwa. KCC ni ya tangu 1925. Kuanzia Olenguruone na Molo hadi Subukia na ng'ambo Nyandarua, saa kumi na moja alfajiri mitungi iko barabarani. Tunauza lita yote kwenye kituo cha maziwa, mtoto anabaki na chai ya rangi, na jioni tunanunua majarini kwa pesa ya maziwa. Najua ada ya shule inataka pesa, sibishani. Lakini kikombe kimoja kibaki nyumbani. Wazee wa Kikalenjin waliweka mursik kwenye sotet na watoto wakakua. Na parachichi, mpendwa! Miti ya Bahati na Subukia inaangusha parachichi chini mpaka nguruwe wanachoka. Pondaponda nusu kwenye mkate, tia limau kidogo. Hayo ni mafuta ambayo daktari wa moyo mwenyewe anakula. Njugu iliyosagwa nayo ni nzuri. Viazi vitamu na nduma haviombi kupakwa chochote.

Wauza mandazi na chipsi, na ninyi mko wengi kwetu, nina neno moja tu. Mafuta yakishakuwa meusi na kutoa povu, yamwagwe. Najua bei yake. Unayemkaangia ni mtoto wa mshirika mwenzako. Sisi tunaouziana mahindi kwa gorogoro, ambayo kwa asili ni mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, tunajua mkebe uliopigwa chini ili upungue ni wizi. Kumbukumbu la Torati 25 inauita chukizo. Mafuta ya wiki mbili nayo ni kipimo kilichopunguzwa, isipokuwa anayepunjwa hapa ni moyo wa mteja.

Jikoni la kanisa limeanza. Nimekaa na kina mama, tukakubaliana kwamba chai ya baada ya ibada itakuwa na viazi vitamu na nduma Jumapili mbili za mwezi. Zile nyingine mkate utabaki, na majarini itapakwa na mtu mmoja mwenye mkono mwepesi. Tayari kuna malalamiko kutoka kwaya. Nimeyapokea.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, wauguzi wetu wawili watapima presha bure nyuma ya kanisa, chini ya ule mti, kuanzia saa saba. Wanaume, hasa ninyi, msipite mkielekea getini. Njoo na kadi yako ya kliniki kama unayo. Njoo pia na pakiti au kifuniko cha majarini unayotumia nyumbani, tutazisoma pamoja, na kijana wetu anayesomea mambo ya chakula Egerton atakuwepo wa kujibu maswali kuliko mimi. Aliye na parachichi za ziada alete, tutagawana.